Filamu za Marvel: nafasi ni 10 tu, niweke ipi niache ipi?

TabataSegerea (mtoa mada)

Habari zenu wakuu. Naomba msaada wa wanaozijua filamu za Marvel kwa kina, siyo wale wa "angalia zote tu mkuu". Kuna vijana wawili wa kidato cha pili wako likizo, hawajaona hata moja. Usiku wa filamu ni Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, kwa hiyo nafasi ni 10, labda 11 umeme ukiwa na huruma. Lengo wafike Avengers: Endgame wakiwa wanaielewa, ili Avengers: Doomsday ikitoka (imepangwa 18 Desemba 2026) wasikae ukumbini wanauliza huyu nani, yule nani. Mimi nimeziona kwa kurukaruka, msiogope kumwaga siri.

Nilipokwama:

1. Nifuate mwaka filamu ilipotoka, au mtiririko wa matukio yenyewe?
2. Zipi 10?
3. Kwa nini Spider-Man ana sura tatu, na Batman hayumo kwenye Avengers? Nimeshaulizwa mara nne.
4. Nimepewa Justice League (ile ya kina Batman na Superman) mbili, moja ya saa mbili, nyingine ya saa nne. Ya saa nne imeziba nyeusi kushoto na kulia. Faili bovu?
5. Flashi ya GB 64 tivii haiioni kabisa. Tivii ni ya inchi 32, ina umri wake.

Natanguliza shukrani.

Kifaru_Mweupe

Mkuu, mtiririko wa matukio utupe kule. Kwenye karatasi unapendeza: unaanza na Captain America wa vita vya pili vya dunia, unafuata Captain Marvel ya mwaka 1995, ndipo unamfikia Iron Man. Shida ni kwamba Captain Marvel ilitoka Machi 2019, baada ya Infinity War, na kipande chake cha katikati ya majina ya waliotengeneza filamu kinawaonyesha Avengers wakitazama hesabu ya watu waliopotea duniani. Ukiiweka ya pili, vijana wanaona matanga kabla hawajamjua marehemu. Black Widow nayo hivyo hivyo: hadithi yake ni ya 2016, imetoka 2021, na kipande cha mwisho kinaonyesha kaburi la mtu anayekufa Endgame. Waliotengeneza filamu hizi walihesabu kile ambacho mtazamaji ameshakiona hadi siku hiyo, kwa hiyo fuata mwaka wa kutoka.

Kuhusu zipi 10. Usichague kwa kuuliza ipi ni nzuri, tutakesha hapa. Chukulia Endgame ni mtihani wa taifa, kisha rudi nyuma ufundishe yanayotoka kwenye mtihani. Na yanayotoka yanajulikana, kwa sababu sehemu kubwa ya filamu ile ni watu wanarudi ndani ya filamu za zamani kufuata mawe sita yenye nguvu (Infinity Stones). New York ya 2012 wanafuata mawe matatu. Asgard ya 2013 moja. Mwaka 2014 wanafuata mengine mawili, la Morag na la Vormir. Pale New York jiwe la bluu linawaponyoka, Tony (ndiye Iron Man) na Captain America wanaruka tena hadi 1970, kambi ya Lehigh, New Jersey.

Sasa angalia orodha, dakika nimeziweka ili upange na muda wa chakula:

Iron Man (2008), 126. Captain America: The First Avenger (2011), 124. The Avengers (2012), 143. Captain America: The Winter Soldier (2014), 136. Guardians of the Galaxy (2014), 121. Captain America: Civil War (2016), 147. Thor: Ragnarok (2017), 130. Black Panther (2018), 134. Avengers: Infinity War (2018), 149. Avengers: Endgame (2019), 181.

Jumla dakika 1,391, yaani saa 23 na dakika 11.

Iron Man haina mjadala, maneno ya mwisho ya Tony mbele ya waandishi wa habari ndiyo yanayorudi mwishoni kabisa mwa Endgame. The First Avenger watu huiruka wakisema imezubaa. Kosa. Bila ile ahadi ya kucheza dansi aliyompa Peggy, mpenzi wake, kwenye redio, dakika za mwisho za Endgame ni mzee amekaa benchi na watu wawili wanacheza dansi, basi. The Winter Soldier ina ugomvi ndani ya lifti. Endgame inakuletea lifti ileile na sura zilezile, halafu Captain badala ya kurusha ngumi ananong'ona maneno mawili. Asiyeiona ya kwanza hacheki. Guardians ndiko unakomjua Gamora na ubaya wa baba yake Thanos, adui mkuu, na ndiko jiwe la zambarau linakotoka.

Ragnarok watu wengi wanaiona ya kuchekesha tu, lakini ukiiruka Infinity War inaanza kama umeingia katikati ya ugomvi wa majirani. Thor nyundo imevunjwa, jicho moja hana, nchi yake imeteketea, Hulk yuko naye kwenye meli. Yote hayo yametokea Ragnarok, na kipande cha katikati ya majina kinaonyesha meli kubwa ikiwazibia njia. Infinity War inaanzia hapohapo.

The Dark World usiipoteze nafasi kwayo. Wasimulie tu kabla ya Endgame: kitu chekundu kinachotiririka kiliingia mwilini mwa Jane Foster, Thor akampeleka Asgard, na mama yake Thor akauawa katika vurugu hizo. Hapo wataelewa kwa nini Thor analia akimwona mama.

Ant-Man and the Wasp fungua kipande cha katikati ya majina peke yake, usiku ule wa kati ya Infinity War na Endgame. Kinaeleza Scott (Ant-Man mwenyewe) alikwamia wapi na kwa nini hakuna wa kumtoa.

Infinity War na Endgame usiziweke usiku mmoja. Kibanda umiza kina sheria yake, steringi hafi. Infinity War inamaliza adui akiwa ameshinda, amekaa anatazama jua. Hiyo hasira waache walale nayo.

Chekibobu

Kaka Kifaru umepanga vizuri lakini umechemka pakubwa. Age of Ultron (2015) iko wapi? Wanda na Vision wanatokea huko. Mkataba wanaogombania kwenye Civil War unaitwa wa Sokovia, na Sokovia ni nchi ambayo mji wake ulinyanyuliwa angani kwenye Ultron. Hulk alipopotelea ni mwisho wa Ultron, kwa hiyo hata Ragnarok yako inabaki na swali la amefikaje kule.

Na kubwa kuliko yote: sherehe ya mwanzoni, kila mtu anajaribu kunyanyua nyundo ya Thor. Captain anaitikisa kidogo, Thor tabasamu linapotea. Kama Endgame ni mtihani wa taifa, hilo ndilo swali lenye alama nyingi na wewe umelifuta kwenye mtaala!

Toa Black Panther weka Ultron. Black Panther haina jiwe hata moja.

Kifaru_Mweupe

La nyundo nakubali, hapo umenikamata. Lakini Black Panther siitoi. Vita vikubwa vya mwisho vya Infinity War vinapiganwa Wakanda, nchi ya Black Panther, na mtu asipojua ile ngao ya mji ni nini, Okoye ni nani na M'Baku amekuja kwa hiari au kwa amri, anaona majani na vumbi tu kwa karibu nusu saa.

Iwe hivi: mtoa mada amesema kuna nafasi ya 11. Nilitaka kuiweka Captain Marvel kati ya Infinity War na Endgame, kwa sababu Fury, yule aliyewakusanya Avengers, anadondosha kile kifaa cha kumwita. Ultron inastahili zaidi. Iingie baada ya Guardians, dakika 141, jumla inakuwa 1,532. Umeme ukigoma na zikabaki 10, waonyeshe ile sherehe ya nyundo tu kisha uwasimulie mambo manne: Tony na Banner (ndiye Hulk) walimtengeneza Ultron kwa jiwe lililokuwa kwenye fimbo ya Loki, Vision akazaliwa na jiwe hilo kwenye paji la uso, pacha wa Wanda akafa Sokovia, Hulk akaondoka na ndege. Captain Marvel inatosha sentensi moja: ni rafiki wa Fury wa tangu 1995, na nguvu zake zilitokana na jiwe la bluu.

Mwanahewa_Kigamboni

Nijibu la sura tatu, maana hapo ndipo watoto wanapochanganyikiwa na wakubwa wanabuni majibu.

Chukulia shamba la urithi lililouzwa kipande kipande. Miaka ya 1990 Marvel ilikuwa hoi, Desemba 1996 ikaingia kwenye taratibu za mufilisi mahakamani. Wahusika wake wakauzwa kwa haki za filamu: X-Men na Fantastic Four wakaishia Fox, Spider-Man akaenda Sony mwaka 1999, Hulk akabaki na mkono wa Universal kwenye usambazaji. Mwaka 2005 Marvel ikakopa dola milioni 525 kutoka Merrill Lynch ili itengeneze filamu zake yenyewe, dhamana ikiwa ni haki za wahusika 10. Iron Man alikuwa amezungushwa kwenye studio kadhaa bila filamu kutoka, akarudi nyumbani, na ndiye waliyeanza naye. Disney ikainunua Marvel mwaka 2009 kwa takriban dola bilioni 4.

Sony, mwenye kipande cha Spider-Man, lazima alime. Akiliacha pori, hati inarudi kwa mwenye shamba. Ndiyo maana Tobey Maguire alipomaliza tatu (2002, 2004, 2007) hawakungoja, Andrew Garfield akaingia 2012 na 2014. Februari 2015 wakakubaliana na Marvel wamwazime, Tom Holland akatokea Civil War mwaka uliofuata. Kwa hiyo hao watatu ni majaribio matatu ya mhusika mmoja, kila mmoja na dunia yake. No Way Home (2021) ikawakutanisha. Wakitaka kuiona hiyo siku nyingine, maadui wake ndio mwongozo wa nini kiangaliwe kwanza: Green Goblin ni wa 2002, Doctor Octopus 2004, Sandman 2007, Lizard 2012, Electro 2014. Ya 2007 ukiikosa hujapungukiwa sana.

Batman na Superman ni wa DC, na DC ni mali ya Warner Bros. Ni kama kumtafuta mchezaji wa Simba kwenye kikosi cha Yanga. Hawachezi timu moja.

Na hapa kuna jambo la Doomsday ambalo halijaguswa. Adui wa filamu hiyo, Doctor Doom, ni adui wa Fantastic Four, kwa hiyo alikuwa Fox. Disney ilipoinunua Fox Machi 2019 ndipo akarudi. Vijana watamwona Robert Downey Jr. na watapiga kelele kuwa Tony Stark amefufuka. Waambie mapema: ni mwigizaji yuleyule, mhusika mwingine, ilitangazwa San Diego Julai 2024. Kabla ya Desemba waongezee The Fantastic Four: First Steps ya Julai 2025, na wasizime majina yakianza kupita. Doom anaonekana pale kwa mgongo.

Moja la Black Panther. Wakanda wanazungumza Kixhosa. Si lugha ya kubuni. Ilianza kwenye Civil War kwa sababu John Kani, aliyeigiza mfalme T'Chaka, ni Mwafrika Kusini na Kixhosa ni lugha yake, wakaichukua iwe lugha ya nchi nzima. Sasa nakala nyingi zinazozunguka mjini zina kasoro: yale maandishi yanayotakiwa kutokea wakizungumza Kixhosa hayamo, yamebaki kwenye faili jingine. Mtazamaji anasikia vile vidoko vya ulimi, anabaki kukisia. Ijaribu kabla: ifungue pale mwanzoni kabisa, baba anamsimulia mtoto, hapo ni Kiingereza, kisha tafuta watu wakiongea lugha yao. Kama chini pamebaki patupu, tafuta faili la maandishi linalojumuisha sehemu za lugha ya kigeni. Na kama ni nakala iliyotiwa sauti ya Kiswahili na ma-DJ wetu, hao wana utamu wao, Lufufu aliwafundisha Watanzania wengi kuangalia filamu, lakini kwa hizi wanafunika maneno ambayo ndiyo fumbo la filamu inayofuata, na wengi wanakata majina yakianza.

Fundi_Remoti

Nichukue namba 4 na 5.

Justice League ya saa nne siyo bovu. Ya 2017 ni dakika 120, ya Machi 2021 ni dakika 242. Zack Snyder aliondoka Mei 2017 kwa msiba wa familia, Joss Whedon akaimalizia na kupiga upya sehemu kubwa. Ya 2021 ni ile ya Snyder kama alivyotaka, na ameiacha kwenye umbo la karibu mraba, 4 kwa 3, kama tivii za mgongo. Kwenye tivii pana lazima pembeni pawe peusi. Msibonyeze kitufe cha kukuza picha, mtakata vichwa na miguu. Imegawanywa sehemu sita na hitimisho, kwa hiyo katisheni baada ya sehemu ya tatu mlale. Ya 2017 ina kichekesho kimoja: Henry Cavill (Superman) wakati wa kurudia alikuwa na masharubu ya filamu nyingine na hakuruhusiwa kunyoa, wakayafuta kwa kompyuta. Mtazame mdomo wa juu kwenye ile video ya simu ya mwanzo kabisa.

Flashi. GB 64 kutoka dukani huwa imepangwa kwa exFAT (mfumo wa kuhifadhi mafaili), tivii za zamani hazijui exFAT. Zinajua FAT32, na Windows nyingi kwa njia ya kawaida hazikupi FAT32 juu ya GB 32. Usihangaike, nunua ya GB 32, itaonyesha kama 29 hivi. Faili la filamu ya saa mbili la 1080p kwa x264 (namna ya kubana picha) linacheza kwenye GB 2, zote 11 zinaenea. Ila FAT32 haipokei faili moja linalofikia GB 4. Likikataa kunakiliwa katikati ya njia na nafasi ipo, sababu ni hiyo. Endgame ndiyo husumbua.

Mpe kijana wa maktaba ya filamu maelezo mawili tu: picha x264, sauti AAC. Ukipewa x265, tivii ya umri huo itatoa sauti bila picha. Sauti ikiwa DTS, utapata picha bila sauti, na watu hukimbilia kufungua spika bure.

Maandishi ya chini: jina la faili la srt lifanane herufi kwa herufi na la filamu, yakae folda moja. Yakichelewa au kuwahi kwa muda uleule mwanzo hadi mwisho, fungua kwenye kompyuta kwa VLC na bonyeza G au H, kila kubonyeza ni milisekunde 50, moja inavuta mbele nyingine nyuma. Lakini yakianza sawa halafu yanazidi kuachana, usipoteze muda na hizo herufi. Faili moja limetengenezwa kwa picha 25 kwa sekunde, jingine 23.976, baada ya saa moja tofauti ni kama dakika 2 na nusu. Tafuta srt nyingine.

Yakitokea maboksi na alama za kuuliza badala ya herufi, lifungue kwenye Notepad, lihifadhi upya kwa UTF-8.

TabataSegerea (mtoa mada)

Nashukuru sana wakuu, dada Mwanahewa mfano wa shamba nauiba. Kifaru nachukua orodha yako na Ultron ndani. Swali dogo: Homecoming ya Spider-Man nikiwawekea siku ya ziada iende wapi? Na Deadpool vipi, wameshaanza kuitajataja.

Kifaru_Mweupe

Homecoming (2017) iende baada ya Civil War, kabla ya Ragnarok. Kuna maandishi pale mwanzoni yanayosema miaka 8 imepita tangu vita vya New York. Wakikushika hesabu, wako sahihi wao. Vita ni 2012, filamu inatokea miezi michache baada ya Civil War ya 2016. Ni kosa la waandishi, wala usihangaike kulitetea.

Deadpool hapana. Zote tatu Marekani ziliwekewa alama ya R, yaani si za watoto, matusi na damu tangu dakika ya kwanza. Logan nayo ni R, ingawa ni filamu safi sana. Hizo 11 zote ni za PG-13.

Chekibobu

Nimalizie na vipande vya mwisho, maana remoti ikiwa mkononi mwa mwenye usingizi inaharibu kila kitu. Iron Man kimoja, mwisho kabisa, Fury anaingia sebuleni. The Avengers viwili: Thanos kwa mara ya kwanza, halafu wote wanakula shawarma kimya. Winter Soldier usikose cha katikati, kina fimbo ya Loki na wale pacha, ndiyo mlango wa Ultron. Ultron kimoja cha katikati. Infinity War mwisho kabisa.

Endgame hakuna kipande. Majina yakifika mwisho kuna mlio tu wa nyundo kwenye chuma, ule wa Tony pangoni 2008. Ongeza sauti kidogo hapo, kisha zima.